Pengo la pointi 300: mchezaji hodari na mchezaji wa kawaida kwenye ubao mmoja

Mashindano ya chesi ya wikendi hapa Nairobi huanza kwa namna moja. Karatasi ya raundi ya kwanza hubandikwa ukutani, watu husongamana mbele yake, na wengi wao, kabla hata ya kulisoma jina la mpinzani, hutazama tarakimu nne zilizoandikwa kando yake. Aliyepangiwa mtu wa kiwango cha chini kuliko chake hurudi mezani kwa mwendo wa utulivu; aliyeona 1900 au 2000, ilhali yeye mwenyewe ana 1600, huanza kushindwa pale pale ukutani. Nimewahi kuwa katika hali zote mbili, na nimekuja kuamini kwamba wote wawili huisoma namba ile vibaya, kwa sababu kiwango cha mchezaji hutabiri wastani wa michezo mingi, nao hukichukua kama hukumu ya mchezo mmoja.

Kiwango hicho, ambacho vijana wetu hukiita reitingi, hukokotolewa kwa mfumo wa Elo. Wengi huliandika neno hili kwa herufi kubwa tupu kana kwamba ni kifupisho, lakini ni jina la mtu: Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani utotoni na baadaye akafundisha fizikia katika chuo kikuu mjini Milwaukee. Shirikisho la chesi la Marekani liliupokea mfumo wake mwaka 1960, na Shirikisho la Kimataifa, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Msingi wake ni kwamba hakuna anayecheza kwa ubora ule ule kila siku. Kila mtu hupanda na kushuka akizunguka wastani wake. Tukiujua umbali uliopo kati ya wastani wa mtu mmoja na wa mwingine, tunaweza kukadiria kila mmoja atavuna sehemu gani ya alama iwapo watakutana mara nyingi.

Wanaolingana kiwango hutarajiwa kugawana alama nusu kwa nusu. Pengo la pointi 100 humpa aliye juu matarajio ya alama 0.64 kwa kila mchezo, pengo la 200 humpa 0.76, na pengo la 300 humpa 0.85. Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa kuwa hudhani 0.85 ni sawa na kushinda michezo 85 kati ya 100. Katika chesi sare ni nusu alama, nayo imo ndani ya hesabu. Zile alama 15 zinazobaki kwa aliye chini zinaweza kutokana na kushinda mara 15 na kushindwa mara 85. Lakini zinaweza pia kutokana na kushinda mara 5 na kutoka sare mara 20. Katika hali hii ya pili, mchezaji hodari huinuka mezani bila ushindi mara 25 kati ya 100, yaani mchezo mmoja katika kila minne. Mtu aliyekata tamaa mbele ya karatasi ya ukutani hajaambiwa jambo hili na yeyote.

Sasa tuziangalie pointi zenyewe, kwa maana ndizo zinazoeleza mengi kuhusu namna watu hawa wawili wanavyokaa kitini. Chukua mwenye 1640 anayekutana na mwenye 1940, wote wakiwa watu wazima waliokwisha kucheza michezo 30 ya kuhesabiwa, ambao FIDE huwakokotolea kwa kizidishi cha 20, yaani tofauti kati ya alama aliyoipata mtu na ile aliyotarajiwa kuipata huzidishwa kwa 20. Aliye chini akishindwa hupoteza pointi 3 tu. Akipata sare huongezewa 7, na akishinda huongezewa 17. Kwa aliye juu mizani hugeuka: ushindi humletea 3, sare humgharimu 7, kushindwa humgharimu 17. Ameingia ukumbini kuokota pointi 3 huku amebeba hatari ya kumwaga 17. Ndiyo maana mchezaji hodari aghalabu hukataa sare ambayo ubao wenyewe unaikubali, na ndiyo maana, mara kadhaa, hulazimisha ushindi usiokuwapo hadi akaanguka.

Tena namba yenyewe si jiwe. Machi 2024 FIDE ilipandisha kiwango cha chini kabisa kutoka 1000 hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa mara moja asilimia 40 ya umbali uliokuwa umebaki kati yake na 2000. Mwenye 1400 aliamka akiwa na 1640. Mwenye 1900 aliamka akiwa na 1940. Watu wawili waliokuwa wametengana kwa pointi 500 wakawa wametengana kwa 300, na hakuna kati yao aliyekuwa amesogeza hata kete moja. Marekebisho hayo yalihitajika, kwa kuwa viwango vya chini vilikuwa vimeshuka mno visilingane na uchezaji halisi, hasa wa watoto. Mtoto wa Eastlands anayejifunza kwa simu anaweza kucheza mamia ya michezo kwa mwezi mmoja, lakini ada ya kujiandikisha na nauli ya matatu humruhusu kuingia mashindano machache tu yanayohesabiwa kwa mwaka, hivyo kiwango chake rasmi huwa ni picha yake ya zamani. FIDE huwapa wachezaji wa chini ya miaka 18, walio chini ya 2300, kizidishi cha 40 ili namba iwakimbilie kwa haraka zaidi, lakini kizidishi hakina la kufanya mahali ambapo hakuna michezo. Ukimwona mtoto wa miaka 11 mwenye 1450 mbele yako, usilegee.

Kwa nini basi wasiolingana wapangwe pamoja? Mashindano mengi hutumia mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza mjini Zürich mwaka 1895. Wachezaji 60 hupangwa kwa kiwango, orodha hukatwa katikati, na katika raundi ya kwanza wa kwanza hukutana na wa 31, wa pili na wa 32, na kuendelea. Kutoka raundi ya pili mtu hupangiwa mwenye alama sawa na zake, na mapengo huanza kuziba. Raundi sita hutosha kumpata mshindi kati ya watu 60 bila kila mtu kulazimika kucheza na kila mtu.

Swali gumu zaidi ni lile la kilichomo ndani ya pengo. Aliye juu ana nini ambacho aliye chini hana? Watu wengi hujibu kwamba anaona hatua nyingi mbele. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, aliwachunguza wachezaji wa viwango mbalimbali katika miaka ya 1930 na 1940 akiwataka wafikiri kwa sauti, na akakuta kwamba mabingwa hawakuwa wakichimba kwa kina kikubwa mno kuliko wachezaji wazuri wa kawaida. Walichowazidi ni kwamba hatua zenye thamani ndizo zilizowajia kwanza. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha watu ubao kwa sekunde 5 kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliwaacha wengine mbali sana kete zilipotoka katika mchezo halisi, lakini zilipotawanywa ovyo, ubora wake karibu wote ulitoweka. Hii ina maana kwamba macho yake husoma mafungu ya kete kama sisi tunavyosoma maneno bila kuhesabu herufi. Anayetaka kuliona jambo hili bila maabara asimame karibu na wachezaji wa drafti ya vizibo vya soda katika kituo chochote cha matatu. Mzee aliyecheza pale miaka 20 ameshaona mtego wa kula kete tatu kabla hujavuta stuli, na ukimwuliza amejuaje, hatakuwa na jibu la kukupa.

Kwa hiyo hodari hufika kwenye hatua ya ishirini akiwa hajachoka, na mwenzake amekwisha kuhesabu kwa jasho mambo ambayo yeye ameyatambua kwa kutupa jicho. Hapo ndipo saa inapoingia. Katika mashindano mengi ya michezo mirefu kila mmoja hupewa dakika 90 kwa mchezo mzima, pamoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Aliye chini hutumia dakika zake mapema, kwenye hatua ambazo zote zingefaa, kisha hulazimika kuchagua kwa sekunde 30 ile hatua moja ambayo mchezo wote umeegemea. Nikiulizwa ni kosa gani la kwanza ambalo mchezaji wa 1600 anapaswa kulirekebisha, sitataja ufunguzi wala mbinu. Nitataja dakika zake.

Nitaeleza mchezo mmoja niliocheza katika ukumbi mmoja wa Parklands, mimi nikiwa na 1640 na mpinzani wangu 1940, yeye akiwa na kete nyeupe. Hakuwa bingwa mwenye cheo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyeandika kila hatua kwa mwandiko safi kama wa karani wa zamani. Alianza kwa kumpeleka askari wake e4 (kila mraba hutajwa kwa herufi ya mstari wake wa wima, a hadi h, na namba ya mstari wake wa mlalo, 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe), nami nikamjibu kwa ulinzi wa Caro-Kann, yaani askari wa c6 kisha d5. Katika hatua ya tatu alikuwa na nafasi ya kubadilishana askari katikati ya ubao. Aliikataa, akamsukuma askari wake mbele hadi e5. Wakati ule nilidhani ni mapenzi tu ya mtindo fulani. Leo naamini alikuwa ameitazama namba yangu: kete zikibaki nyingi ubaoni, maamuzi huwa mengi, na katika kila uamuzi yeye alikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kuwa sahihi kuliko mimi.

Mimi nilifanya kile ambacho karibu kila aliye chini hukifanya. Nilitamani kete zipungue. Nilimpa malkia wangu tubadilishane, akamwondoa wake bila haraka. Katika hatua ya 23 nilitoa farasi wangu mzuri kwa askofu wake aliyekuwa amejifungia nyuma ya askari zake mwenyewe, nikajiambia kwamba nimesogea karibu na sare. Kila mwalimu wa chesi amewahi kuliona kosa hili, nalo linastahili kuelezwa vizuri, kwa maana wengi huliona ni busara. Kubadilishana si tendo tupu la kupunguza. Kete mbili zinapoondoka, zile zinazobaki ndizo zinazoupa mchezo sura yake, na anayebadilishana kwa woga hutoa kete yake bora ili aondolewe kete yoyote ile. Askofu yule hakuwa na kazi; farasi wangu ndiye aliyekuwa akiulinda mstari wa c. Alipoondoka, ngome ya mpinzani ilikaa kwenye mstari huo na baada ya hatua tisa nikawa nimepungukiwa askari mmoja. Zaidi ya hayo, kete zikipungua mno mchezo huingia mwishoni, na michezo ya mwisho ndiyo sehemu ambayo aliye juu amesoma kwa miaka na aliye chini ameiruka ili asome ufunguzi.

Kompyuta hulichanganya zaidi jambo hili. Ukiingiza mchezo kama huu katika programu ya uchambuzi, itakuambia kwamba hadi hatua ya 22 hali ilikuwa karibu sawa. Usawa huo ni wa mashine mbili zisizochoka. Kwa binadamu wawili, hali ambayo mmoja ana hatua sita nzuri za kuchagua na mwingine ana moja tu inayomwokoa huwa si sawa hata kidogo, ijapokuwa programu huandika sifuri, alama yake ya usawa.

Kwa bahati, sehemu moja ya michezo ya mwisho nilikuwa nimeisoma kwa bidii. Kufikia hatua ya 44 nilikuwa na dakika nne, yeye alikuwa akiishi kwa zile sekunde 30 za nyongeza, na ubaoni palikuwa na wafalme wawili, ngome yake na yangu, na askari mmoja mweupe tu. Alikuwa yule yule wa e5, aliyesimama hapo tangu hatua ya tatu. Mpinzani wangu alimpigia mfalme wangu cheki kwa ngome, yaani alimtishia moja kwa moja, hatua ambayo mkono huifanya wenyewe, nami nikaingia e8. Hatua iliyofuata niliiweka ngome yangu a6.

Hali hiyo ina jina. François-André Danican Philidor, Mfaransa aliyekuwa mwanamuziki na mchezaji mkuu wa chesi wa karne ya 18, ndiye anayehusishwa nayo. Mfalme mweusi amesimama e8, kwenye njia ya askari. Ngome nyeusi inaulinda mstari wote wa sita, kutoka a hadi h, kwa hiyo mfalme mweupe aliyeko d5 hawezi kupanda; akikanyaga mstari wa sita anakutana na ngome. Mweusi hahitaji kufanya jambo jingine lolote. Huisogeza ngome kushoto na kulia ndani ya mstari huo na kungoja. Mweupe akitaka kuendelea hana budi kumpeleka askari e6, na hapo hapo, bila kuchelewa hata hatua moja, ngome nyeusi hukimbia hadi chini kabisa ya ubao, a1, ili impige mfalme mweupe cheki kutoka nyuma. Siri yote iko katika mraba mmoja: maficho ya mfalme mweupe dhidi ya cheki hizo yangekuwa e6, mbele ya askari wake, na sasa askari mwenyewe ameukalia. Mfalme huzunguka nje bila paa, na sare haiepukiki.

Mpinzani wangu aliijua hali hii kuliko mimi. Hata hivyo hakunipa mkono. Kwa hatua kumi na mbili aliihamisha ngome yake huku na kule katika mstari wa saba, na kila mara alinyanyua macho kunitazama, bila kejeli yoyote, kuona kama najua nifanyalo au nabahatisha. Wapo wanaoona tabia hii ni utovu wa adabu. Mimi naiona ni haki yake na ni sehemu halali ya nguvu zake, kwani kanuni humruhusu kuendelea hadi hatua 50 zipite bila askari kusogea wala kete kuliwa, na mtu wa 1640 mwenye dakika nne anaweza kabisa kuishika kete isiyofaa. Aliyeigusa kete yake kwa nia ya kuicheza lazima aicheze. Nilikaa na mikono yangu chini ya mapaja, niliinyanyua pale tu nilipokuwa nimeamua, na kila mara niliitafuta ngome tu. Hatimaye akamsukuma askari e6. Nilipeleka ngome a1. Alipanda d6, nikampiga cheki kutoka d1. Alishuka e5, nikampiga kutoka e1. Alirudi d6, nikarudi d1. Akasimamisha saa, akaninyoshea mkono.

Pointi 7 zikaja kwangu, na 7 zikamtoka. Tukio la namna hii si muujiza. Oktoba 2023, katika mashindano ya Qatar Masters, Magnus Carlsen wa Norwe, aliyewahi kufika 2882, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia, alishindwa na Alisher Suleymenov wa Kazakhstan aliyekuwa na 2512. Wakati huo Carlsen alikuwa chini ya kilele chake, na pengo lao lilizidi kidogo tu lile lililokuwa kati yangu na yule bwana wa Parklands. Kwa hesabu ya Elo mambo kama haya lazima yatokee mara kwa mara. Yasipotokea kabisa, basi namba zenyewe zimekosewa.

Lakini sare ile haikunifanya mchezaji wa 1940, na hili niliambiwa pale pale nje ya ukumbi, ambako watu huenda kuuchambua mchezo uliokwisha. Nawasihi wote walio chini wasiikose saa hiyo, iwe wameshinda au wameshindwa, maana ni mafunzo ya bure kutoka kwa mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akikufikiria wewe kwa nguvu zake zote. Bwana yule alipanga kete haraka, bila kutazama karatasi yake, hadi akafika kwenye hatua ile ya 44.

"Hapa ndipo nilipokuachilia, ndugu yangu," akasema. "Ile cheki ilikupeleka nyumbani."

Alieleza kwamba kabla ya cheki mfalme wangu alikuwa bado nje ya njia ya askari, na ngome yangu ilikuwa bado mbali na mstari wa sita. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma mfalme wangu hadi kwenye mraba nilioutaka, na akanipa nafasi ya kuiweka ngome mahali pake. Kisha akairudisha ngome yake ilipokuwa, akampandisha mfalme wake hatua moja badala ya kupiga cheki, akanigeuzia ubao nijibu. Nilitafuta ulinzi kwa karibu nusu saa, nikijaribu kila hatua ya ngome na kila hatua ya mfalme, naye akinijibu taratibu kila mara, hadi msimamizi wa ukumbi alipoanza kupandisha viti juu ya meza, na sikuupata.